Nyasi za Plastiki Hazitawekwa

Mwanangu Haika,

Salamu sikupi, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na nimekuona u mzima kunishinda. Uko juu unapanga sanduku upya, nasikia zipu ikigoma. Mimi niko jikoni, mlango wa nyuma uko wazi, na jua la Agosti bado halijaondoka kwenye ukuta wa bustani. Barua hii nitaisokomeza ndani ya buti lako la baridi, lile ambalo hutalivaa mpaka ufike. Nimelichagua makusudi. Nataka uisome ukiwa New Zealand, mahali ambapo huwezi kugeuza teksi ukarudi kunigombeza.

Hilo jani refu lililopigwa fundo humu ndani ni isale. Unalijua, limetoka kwenye ule mmea wa sebuleni. Kwetu Marangu mtu akikukosea halafu akakujia na isale mkononi, huwezi kukataa kumsamehe. Unaweza kununa, unaweza kumwaga maneno yako yote, lakini mwisho unasamehe, la sivyo kosa linakugeukia wewe. Kwa hiyo umeshanisamehe, Haika, kabla hata hujalijua kosa. Kosa ni hili: nimempigia simu yule fundi wako na kumwambia asije Alhamisi, wewe ukiwa umeshaondoka. Nyasi za plastiki hazitawekwa. Bustani inabaki, yote, kuanzia ukuta wa jikoni mpaka uzio wa Bwana Colin.

Sasa kasirika kwanza. Kaa kitandani huko, kasirika vizuri, halafu endelea kusoma.

Najua tulikubaliana. Ulikaa hapa hapa nilipokaa mimi, ukasema, "Mum, I'm serious. Siendi popote kama hiyo garden haifunikwi," nami nikajibu sawa. Nilijibu sawa kwa sababu nilikuona ulivyoruka siku ulipopata hiyo kazi, ukagonga sufuria ya wali ikamwagika na hukujali. Halafu nikaona jicho lako likishuka kwenye mguu wangu, na ile furaha yote ikakutoka. Mtoto wa kike amesomea kuwanyoosha watu viungo, ameitwa upande wa pili wa dunia kwa sababu anajua kazi, halafu akwamishwe na nyonga ya mama yake? Hapana. Ningekubali hata ungesema tuweke nyasi za plastiki sebuleni. Nilitaka tiketi ikatwe, na tiketi imekatwa.

Utasema ni ukaidi. Ukaidi upo, sikatai, na wewe umeurithi, usijifanye mgeni. Lakini ukaidi peke yake haumwamshi mtu alfajiri kwenda kumwagilia nyanya zinazokataa kuiva. Kuna mengine sijawahi kukuambia, kwa sababu kila nikianza kwa Kiswahili wewe unanijibu kwa Kiingereza, tunakutana katikati, na katikati hapo mambo mengi yanapotea. Leo nitasema mimi tu. Neno likikushinda mpigie Mama mdogo Ndeshi, atakusomea na atatia chumvi yake.

Tuanze na siku niliyoanguka, maana hiyo ndiyo kesi yako yote. Ulinikuta nimelala ubavu kati ya vitunguu na tuta la maua, ukapiga kelele mpaka Bwana Colin akachungulia juu ya uzio na kikombe chake cha chai. Tangu siku ile, kwako wewe bustani ni mahali mama alipoanguka. Lakini mimi ndiye niliyeanguka, si wewe, na mimi nina habari yangu.

Nilijaribu kuinuka, mguu ukakataa. Niliogopa, nisikufiche. Nilimwita Mungu, nikamwita na baba yako, sijui nani alitangulia kusikia. Baadaye hofu yenyewe ikachoka, nikabaki nimelala tu, shavu kwenye udongo. Sikuwahi kuitazama bustani yangu kutoka chini namna ile. Ukiwa umesimama unaona majani. Ukiwa chini unaona wanaoyala. Nikawaona konokono, Haika, wamejipanga chini ya ule ubao niliouweka mwenyewe ili nisikanyage matope, ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, wameshiba spinachi yangu. Miaka yote nawasaka kwa tochi, kumbe niliwajengea nyumba! Ulipofika ukilia nilikuwa nacheka, nawe ukamwambia mtu wa gari la wagonjwa kwamba labda nimepata kiharusi.

Nyonga haikuvunjwa na bustani. Ilivunjwa na ndala nilizovaa kwenye tope, na haraka ya kuwahi kazini kumwogesha mzee wa watu ambaye binti yake alikuwa ameshanipigia simu akinifokea. Ningeweza kuanguka stesheni ya Thornton Heath, ngazi zile zikilowa. Watu wanaanguka bafuni kila siku, na sijasikia bafu la mtu limefunikwa kwa plastiki.

Wewe umeikuta bustani ikiwa bustani. Sisi tulipohamia, nawe ukiwa tumboni, nyuma hapa palikuwa na godoro bovu, baiskeli isiyo na magurudumu na magugu ya miiba yaliyofika dirishani. Baba yako aliyafyeka kwa kisu cha jikoni kwa sababu hatukuwa na kingine. Halafu mwezi wa tatu mvua ikaanza kunyesha. Mvua, mwezi wa tatu! Mtu aliyekulia mlimani akisikia mvua ya mwezi wa tatu, mkono wake unatafuta jembe wenyewe. Nilisema Mungu hajanisahau, masika yamenifuata mpaka London. Nikapanda mahindi na maharage kwa siku moja, na tumbo langu hilo limenitangulia, baba yako amesimama mlangoni akisema nikae chini nitamzalia mtoto kwenye tuta.

Maharage mengi yalioza ardhini. Mahindi machache yaliota, nikayaonyesha kila mtu aliyepita nyumbani, mpaka mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi. Wiki ya Pasaka barafu ikaanguka alfajiri. Nilipofungua mlango yalikuwa yamelala meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Nililia. Uwanja wa ndege nilipoagana na mama yangu sikulia hivyo, maana pale nilikuwa najikaza watu wasinione. Kwenye mahindi hakukuwa na watu.

Ungedhani nilijifunza. Wapi! Mwaka uliofuata niliingia duka la vyakula kununua maziwa yako, nikaliona isale. Limewekwa kwenye chungu cheupe, limefungwa utepe, linauzwa kama pambo la sebuleni pamoja na mishumaa. Nilisimama pale na kikapu nikamwambia msichana wa duka kwamba huo ni mpaka wa shamba. Akacheka kwa adabu. Lakini ndivyo ilivyo, kwetu kihamba cha mtu, shamba lake la ukoo, kinazungushiwa masale, na hakuna anayethubutu kuyang'oa, hata ndugu aliyekula mirathi anayaheshimu. Basi nikanunua masale yote yaliyokuwepo, nikayapanda mstari mmoja kando ya uzio, nikasimama na kujiambia sasa hiki ni kihamba, ije serikali ije nani.

Krismasi haikufika. Yalilainika kama ndizi zilizochemka, yakaanguka moja baada ya jingine. Lililopona ni moja tu, na si kwa akili yangu. Baba yako alikuwa amelificha nyuma ya televisheni, akisema, "Hebu tubakishe moja ndani, mama Haika, tuone kama mlima wako utaweza baridi ya hawa watu." Hilo ndilo nililokukatia jani.

Sikuelezi haya ili ucheke, ingawa ukicheka nitafurahi. Nakueleza kwa sababu wewe sasa unakwenda mahali ambapo Agosti ni baridi kali na Krismasi ni kiangazi, na najua utafanya nilichofanya mimi. Utaamka siku moja, mwanga utafanana na mwanga unaoujua, na mwili wako utakuambia huu ndio wakati. Mbegu inahama na mtu, Haika, kalenda haihami. Mwaka wa kwanza tazama tu. Usipande kitu cha maana, si mboga, si mchumba. Uliza wenyeji barafu yao inaanguka lini, kila mahali inaanguka, hata kama wao wameizoea hawaitaji.

Lakini mbegu usizitupe. Hapo ndipo wengi walipopotea, wakaona mahindi yamekufa wakadhani hata mikono yao haifai. Mimi nilikataa. Nilibadilisha mwezi, sikubadilisha mboga. Nilianza kuotesha kwenye vikopo vya mtindi juu ya dirisha la jikoni, baba yako akikosa mahali pa kuweka sabuni ya vyombo, na mwezi wa tano ulipofika natoa nje mche wenye nguvu. Mchicha ukakubali. Maboga yakakubali, nikala majani yake kabla hata ya boga lenyewe. Na mnavu, ule niliopewa mbegu na mama mmoja wa kanisani Lewisham, ukakubali kuliko vyote.

Mnavu huo karibu uniuzie kesi. Unamkumbuka Bwana Colin wa zamani, kabla hatujazoeana? Aliona yale matunda yake meusi akaja kwenye uzio amekunja uso. "Hiyo ni sumu," akaniambia. "Kuna mtoto mdogo hapo." Alikuwa anakusemea wewe. Nikamwambia kwetu ni mboga. Akasema hapa si kwenu. Haika, neno hilo nimelisikia kwa namna nyingi katika nchi hii, kwa upole na kwa ukali, lakini sijawahi kuambiwa nikiwa nimesimama kwenye tuta nililolilima mwenyewe.

Nilichuma majani yale, nikayachemsha kama mama alivyonifundisha, nikamwaga maji ya kwanza, nikayaunga na karanga, nikasonga ugali, nikatoa kigoda nje na kula mbele ya uzio wake. Na kila asubuhi baada ya hapo nilikuwa nasimama palepale namwamkia, "Good morning, Colin," kwa sauti ya kanisani, ajue bado nipo. Siku ya mwisho wa wiki akauliza unapikwaje. Sasa kila mwaka ananiuliza mnavu utakuwa tayari lini, na ukimwuliza atakuambia yeye ndiye aliyeugundua.

Sikumshinda kwa maneno. Nilimshinda kwa kuendelea kula. Watakuambia na wewe huko kwamba si kwenu, wengine watatabasamu wakisema. Hoja nyingi hazihitaji mdomo, zinahitaji uwepo tena asubuhi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Baba yako na mimi tuligombana kwa ajili ya bustani kuliko kwa ajili ya kitu kingine chochote. Yeye alitaka maua. Mtu amekulia kijijini, kwao kuna kahawa na migomba, anafika London anataka maua! Nilimwambia ua haliliwi. Akaniambia macho nayo yana njaa. Nikampa tuta moja, lile la jua, kwa masharti, akapanda dalia, yale makubwa mekundu kama ngumi. Kumbe dalia ina tabia ya mtoto mchanga. Baridi ikija lazima uifukue, mizizi yake minene kama viazi vitamu uikaushe, uifunike kwa maranda, uilaze ndani ya banda mpaka majira ya joto. Baba yako, ambaye hakujua soksi zake ziko wapi, alijua kila kiazi cha dalia kilipolala.

Alifariki Januari, maua yake yamelala bandani. Tulimpeleka Marangu, tukamzika kihambani kwao kama inavyotakiwa, tukarudi London na Mama mdogo Ndeshi ambaye alikuja kutushika mkono. Wewe ulikuwa na sare ya shule ya msingi na meno mawili ya mbele hayajaota vizuri. Mimi nilikuwa siwezi kupika. Nilikuwa naenda kazini, nawaogesha watu wa watu, narudi, nakaa. Nilimkasirikia baba yako kwa kufa, nikamkasirikia hata Mungu, nikapita bustanini bila kutazama kushoto wala kulia.

Jioni moja Mama mdogo akatupikia nyama ya viazi. Wewe ukala kidogo ukauliza, "Mama, these potatoes, mbona ni weird?" Nikatafuna. Vilikuwa na maji mengi, havina ladha, vina uchungu kwa mbali.

"Ndeshi," nikamwuliza, "viazi umevipata wapi?"

"Si vile vya bandani, dada, ulivyofukia kwenye maranda. Nikashangaa, watu wana msiba, wageni wanaingia na kutoka, wewe unaficha viazi!"

Nikaweka kijiko chini. Miaka yote nilimwambia baba yako ua haliliwi, na sasa tumeyala, na mchuzi tumesukumia. Nilicheka, Haika. Nilicheka mpaka nikashika meza, kicheko cha kwanza tangu msiba, na Mama mdogo akaanza kulia kwa sababu alidhani nimerukwa na akili. Na wewe ulipoelewa ulipiga kelele, "You ate Daddy's flowers! Umekula maua ya Daddy!" ukajifungia bafuni. Nilikaa nje ya mlango ule nikikubembeleza mpaka ukalala kwenye kapeti. Hukunisamehe kwa muda mrefu, na isale nisingeweza kukueleza likakuingia akilini, ulikuwa mdogo mno.

Kitu ambacho hukukiona ni kilichofuata. Nilikwenda bandani peke yangu, nikamwaga boksi zima la maranda sakafuni, nikapekua kwa vidole. Kwenye kona kulikuwa na kiazi kimoja, kimesinyaa, Mama mdogo alikidharau kwa sababu hakina nyama. Nilikiweka mfukoni mwa koti la kazi. Nilitembea nacho mfukoni, nyumba za wazee zote, kwenye basi na kwenye treni, mpaka mwezi wa tano. Sikuwa nakitunza kwa ustadi wowote, nilikuwa siwezi kukiacha nyumbani tu. Nilikipanda bila imani. Kikaota.

Dalia zote unazoziona pale leo, zote zile ulizopiga nazo picha ya mahafali, zimetoka kwenye kiazi hicho kimoja. Kila mwaka nakigawa, nakizika upya. Mwili wa baba yako uko Marangu na ndugu zake wanafagia kaburi. Alichobakiza ndani ya ardhi ya nchi hii ni hicho. Ulitaka nikifunikie plastiki, mwanangu, na hukujua, na ndiyo maana siwezi kukukasirikia. Ulidhani maua yale nilinunua mengine.

Wiki iliyopita fundi alipokuja kupima, nilisimama mlangoni na fimbo yangu kama mgeni. Kijana mwenye adabu, alivua hata viatu. Akapita na tepu yake akinyoosha kidole: hii inaondoka, hii inaondoka, hii nayo. Ukawa unaitikia. Akafika kwenye maboga, akalinyooshea kidole boga changa, kidole kizima kimenyooka. Nilitaka kumpigia kelele akikunje. Sisi tulipokuwa watoto ukilinyooshea boga changa kidole unachapwa, maana litaoza, unatakiwa uonyeshe kwa kidole kilichokunjwa. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limegeuka njano, nikaligusa likadondoka. Wewe utasema halikupata chavua. Inawezekana, nyuki wa mwaka huu ni wavivu.

Hata hivyo si boga lililonipandisha hasira. Alipofika kwenye dalia alinyoosha kidole kilekile, wewe ukageuka kunitazama, ukasema taratibu, "Hizo tunaweza kuziweka kwenye pots, Mum." Na mimi nikanyamaza. Mimi niliyekula mnavu mbele ya uzio wa mtu! Nilijisikia nimezeeka pale pale, na haikuwa nyonga iliyonizeesha, ulikuwa ule ukimya. Usiku ule sikulala kwa aibu.

Leo mchana ulipotoka kwenda kuagana na wenzako, nikampigia. Akasema kwa upole kwamba mteja wake ni wewe, wewe ndiye uliyelipa. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi, na mwenye nyonga ni mimi, na kwamba akurudishie chako. Akauliza kama nina uhakika, kwa sababu watu wa umri wangu wengi wanazipenda, hazihitaji kazi. Nikamwambia ndiyo tatizo lake hilo, hazihitaji kazi. Nyasi ambayo haikuhitaji haikujui. Nilikata simu, nikaenda kula maembe mawili ya kopo kwa furaha.

Sikudharau yote uliyosema, wewe ni mtaalamu na mimi nakuona. Ndala nimezitupa, nimenunua buti zenye meno. Simu inakaa kwenye mfuko wa aproni. Bwana Colin amekubali kuninyanyulia ndoo na kunichimbia mashimo ya dalia vuli ikija, kwa malipo ya mnavu. Yale matuta ya mbali nayaachia magugu mwaka huu, yapumzike, nami nipumzike. Mwaka mbaya upo. Uliuona nami mwaka ambao hatukula nyanya hata moja, zote ziliingiwa na ugonjwa wa madoa zikaishia jalalani, na mwaka uliofuata tukagawa nyanya mpaka watu wakawa wanatukwepa barabarani. Sijui mwaka ujao utakuwa wa namna gani. Sijui kama mguu utanibeba. Nataka nijue nikiwa humo ndani yake, siyo nikitazama zulia la kijani.

Nawe usiishi huko kwa tahadhari tu. Nimewaogesha wazee wengi wa mji huu, waliotunzwa vizuri, vyumba safi, mazulia mazuri, hakuna mahali pa kujikwaa. Wengi wao wanachoniuliza ni saa ngapi. Asubuhi, mchana, saa ngapi sasa hivi. Mtu mwenye nyanya za kumwagilia haulizi saa.

Utanipigia simu, najua, na utapiga kwa hasira, huko kwako kunakucha na huku kwangu kunakuchwa. Sema yote. Lakini ukimaliza kusema, usianze kuniuliza mguu. Niulize bustani. Uliza nini kimeota, nini kimekufa, nani amekula nini. Mguu ukizidi nitakuambia mwenyewe, hilo nakuahidi, na ahadi hii sitaivunja nikaja tena na jani. Kwa maana tangu siku ile nimekuona, Haika, kila asubuhi unasimama kwenye dirisha la chumba chako na mswaki mdomoni, unatazama chini pale kati ya vitunguu na maua, kama vile bado nimelala. Naogopa kwamba utasafiri bahari zote hizo na bado utakuwa umesimama hapo. Sikukuzaa uje unilinde kutoka dirishani. Ondoka hapo dirishani, mwanangu. Mimi nilishainuka.

Mama yako